Nyumba Ndiyo Mteja Asiyelipa

Napika mabuyu, kashata na achari ya maembe jikoni kwangu Umoja, Nairobi. Dada akija kuniuliza biashara ya nyumbani inataka mtaji kiasi gani, mimi humuuliza kwanza: kwenu mnaishi watu wangapi? Wengi hudhani ni mzaha. Lakini biashara ikitumia jiko moja na familia, maji yaleyale na simu ileile, anayekula faida mara nyingi si mpinzani wa mtaa wa pili. Ni nyumba yenyewe. Inachukua kila siku, haiulizi bei, na ukingoja ilipe utangoja sana.

Acha nifungue hesabu. Tuseme sufuria moja kubwa. Mabuyu ghafi kilo 5 kwa shilingi 120 kilo, hizo ni 600. Sukari kilo 3 kwa 160, ni 480. Iliki, pilipili ya unga, vanila, chumvi na rangi ya chakula, weka 150. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukijazwa kwa 1,200 na ukapika sufuria kumi, basi kila sufuria imekula 120. Maji, 20. Yakikauka napata kama kilo 7 na nusu, yaani pakiti 75 za gramu 100, na pakiti pamoja na lebo yake ni shilingi 5, kwa hiyo 375. Jumla 1,745.

Wengi huishia hapo. Wanagawanya kwa 75, wanapata shilingi 23 na senti kidogo, wanauza kwa 35 na kulala usingizi mzuri. Na mshahara wako je? Kuanzia kuchekecha hadi kufunga pakiti ya mwisho ni nusu siku ya mtu mzima. Mimi huweka 500, kwa sababu hizo ndizo ningempa mtu mwingine aje anifanyie, na siku nikiugua ndizo nitakazompa. Gharama imefika 2,245. Nikiuza zote kwa bei ya jumla ya 35 napata 2,625, zinabaki 380. Boda ya kusambaza, 200. Zimebaki 180.

Sasa binti amerudi shule, amefungua pakiti moja. Mdogo wake naye moja. Shemeji amepita kutusalimu na ameondoka na mbili, "za watoto". Jirani aliyenishikia mtoto nimempa moja. Baba watoto anatazama mpira, moja. Pakiti sita, shilingi 210 kwa bei ya jumla. Sufuria nzima imeingia hasara ya shilingi 30, na hakuna mtu aliyeiba.

Ndiyo maana ninapomsikia mtu akisema biashara yake "haikuenda" ingawa kila alichopika kiliisha, simuulizi kuhusu wateja. Vitu kuisha si kuuzwa.

Dawa yangu haina ujanja wowote. Kuna daftari juu ya friji, na ndani yake kuna ukurasa wenye kichwa "Nyumba". Anayechukua pakiti anaandika, awe mtoto, awe mimi. Mwisho wa mwezi bajeti ya chakula cha nyumbani inailipa biashara kwa bei ya jumla, pesa zinatoka laini moja kwenda nyingine. Baba watoto alipoanza kulipia aliniangalia kama mkusanya kodi. Mwezi uliofuata akawa anatazama mpira na njugu za dukani. Wazee wetu walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na nadhani walikuwa wakiwazungumzia watu wenye mashemeji.

Wageni ni habari nyingine. Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwetu mgeni hatajiwi bei. Sitaki biashara ambayo itanifanya nifiche kopo mtu akibisha hodi. Kwa hiyo kuna ndoo ndogo ya yale yaliyoshikamana na ya kashata zilizovunjika pembe. Hizo haziwezi kuuzwa, ladha ni ileile, na mgeni anakula hadi achoke. Anayetaka "za kupeleka nyumbani" tunampimia za pakiti, naye siku hizi anajua.

Gesi nayo nimeitenganisha. Mtungi wa biashara una alama ya rangi ya kucha shingoni, na chai haichemshwi nao. Kabla ya hapo, gesi ikiisha hukujua ni mabuyu au ni maharagwe. Maharagwe, kwa wasiojua, ni mwizi wa gesi asiye na mfano.

Nilichagua mabuyu kwa sababu mbili. Nimekulia penye mabuyu, kwa hiyo sikuhitaji kufundishwa yanavyopaswa kuwa mdomoni. Pili, hayaharibiki upesi. Viazi vya karai ni vitamu, na Nairobi vinapendwa, lakini saa kumi na mbili jioni visipoisha ni hasara iliyo mezani. Mahamri yanakuamsha saa kumi usiku ili upambane na kila kibanda cha chai kuanzia hapa hadi Kayole. Mabuyu yaliyokauka vizuri na kufungwa vizuri yanakusubiri. Stima ikikatika, hayana habari. Mtoto akiugua ukakaa hospitalini wiki nzima, ukirudi unayakuta. Mama anayefanya kazi nyumbani ataitwa mara nyingi kuliko aliye ofisini, maana kila mtu anajua yupo. Kwa hiyo kama unaanza, anza na kitu kinachoweza kukungoja. Vya moto moto vitafuata ukishapata mtu wa kukusaidia.

Mabuyu yangu hutoka Kitui. Yapo pia ya Kilifi, Makueni na Tharaka, na kila mtu atakuapia kuwa ya kwao ndiyo matamu. Gunia linakuja kwa basi hadi Machakos Country Bus, kituo cha mabasi hapa Nairobi, nami hulifungua palepale kabla sijaita mkokoteni. Usiridhike na yale ya juu. Ingiza mkono mpaka chini kabisa. Chini ndiko wanakojaza unga mtupu, mbegu zilizovuliwa nyama na wakati mwingine unyevu. Chukua buyu moja ulimung'unye: liwe na nyama nene, nyeupe, yenye uchachu unaokukunja uso. Lenye vitundu vidogo vya wadudu, funga gunia, pigia simu aliyelituma ukiwa bado umesimama hapo. Ukishafika nalo nyumbani, mazungumzo yanakuwa magumu. Unga safi unaobaki chini ya chekeche siutupi, nawauzia wanaotengeneza juisi na uji. Katika daftari unga una mstari wake.

Kupika kwenyewe ni kazi ya kusimama. Sukari na maji kidogo vinachemka mpaka povu liwe zito, na ukiinua mwiko tone la mwisho linavuta uzi kabla halijaanguka. Hapo moto unapunguzwa, inaingia rangi, iliki, vanila, chumvi na pilipili, kisha mabuyu, na unaanza kugeuza. Hupokei simu, huendi mlangoni. Shira ikizidi kuiva inageuka kuwa chenga zinazopukutika kwenye sinia. Ukiwahi kuyaingiza, mabuyu yatanata vidoleni hadi Jumapili. Rangi, nunua ile ya chakula, kwenye kopo lenye jina la mtengenezaji na tarehe. Muuzaji anayekupimia unga mwekundu kwenye karatasi na kukuambia "ni ileile" mwachie unga wake. Watoto wa watu ndio watakaolamba vidole hivyo.

Kuna jambo ambalo hakuna anayekwambia kuhusu kupikia ghorofani: mvuke wa pilipili hupanda ngazi. Siku moja nimesimama na mwiko, mlango ukagongwa, ni keateka, msimamizi wa jengo letu.

"Mama, kwani leo mnapika nini? Watu wa juu wote wanalia."

Nilimkaribisha, akaonja, akacheka, lakini aliyoyasema niliyachukua kwa uzito. Katika nyumba za kupanga, jirani mmoja aliyechoka anaweza kukufungia biashara kwa simu moja kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo siku hizi pilipili inaingia sufuriani kati ya saa nne na saa sita asubuhi, siku za kazi, watu wakiwa kazini na watoto shuleni. Jirani wa juu, ambaye ana mtoto mchanga, hujulishwa jioni ya kuamkia siku hiyo, na kila mwezi hupelekewa pakiti moja. Hiyo haiendi kwenye ukurasa wa "Nyumba", inaandikwa kwenye gharama, pamoja na gesi. Na mwenye nyumba nilimweleza mwenyewe, kabla hajasikia kwa mwingine. Aliuliza mambo mawili: kama nitaweka mashine ya kula stima, na kama wateja watakuwa wanapanda na kushuka ngazi. Nilipomjibu hapana na hapana, akaendelea na mambo yake.

Maji ya Umoja huja kwa zamu, kama unavyojua, na zamu yenyewe haina adabu. Siku ya kupika inafuata maji, si maji yanayofuata siku ya kupika. Yakikawia nanunua ya mkokoteni, na bei yake inapanda jinsi mabomba yanavyozidi kukauka. Ile 20 niliyoandika huko juu inaweza kuwa 100 bila kukuomba ruhusa.

Halafu hali ya hewa. Nilikokulia, sinia la mabuyu likiwekwa penye upepo, jioni yamekuwa tayari. Nairobi mwezi wa Julai hakuna jua la kukausha hata soksi. Aprili ndiyo mbaya zaidi, mvua inanyesha na hewa yenyewe imelowa, mabuyu yanarudia kunata hata baada ya kukauka. Miezi hiyo napika sufuria ndogo, natandaza tabaka moja tu kwenye sinia, nafunika kwa chandarua na kuwasha feni. Na nageuza nguvu kwenye kashata za karanga, ambazo baridi haizisumbui. Usijaribu kushindana na Julai. Waambie wateja mapema, wapunguzie oda, waonyeshe kashata.

Sasa pesa.

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, Mkenya anafungua duka kwa kuwa na simu tu. Ndio uzuri wake, na ndipo nyumba inapopata njia nyingine ya kuingia mfukoni. Mteja anakutumia 1,500 za oda ya harusi kwenye laini ileile unayonunulia tokeni za stima, unayomtumia mama pesa ya dawa, na ambayo juzi ulikopa Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, kumalizia nauli. Fuliza ilipoingia mwaka 2019 ilituokoa wengi, sitaisema vibaya. Lakini pesa ikiingia kwenye laini yenye deni, deni hujilipa lenyewe kwanza. Unafungua simu ukanunue sukari, unakuta sukari imeshalipa tokeni za wiki iliyopita. Wewe huoni wizi, unaona tu biashara "haina pesa".

Laini ya biashara iwe mbali, hata kama ni kwenye simu ya mulika mwizi. Isikope Fuliza, isinunue tokeni. Chukua namba ya Lipa na M-Pesa au Pochi la Biashara, ili wateja wasiwe wanatuma kwa jina lako la nyumbani. Kila Ijumaa jioni laini ya biashara inanitumia mshahara wangu kwenye laini ya nyumbani, zile 500 za kila sufuria niliyopika, na kuanzia hapo ni pesa za nyumba, zikanunue unga au viatu. Nyumba ikiishiwa Jumanne, inasubiri Ijumaa au inakopa kwa maandishi. Ndiyo, nimewahi kujiandikia deni mimi mwenyewe, na nimejilipa.

Na mteja akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake kuwa ametuma, mwambie asante, kisha subiri wako uingie. Ujumbe wa kutengeneza ni rahisi kuliko kashata.

Mtaji wa kwanza sikuutoa benki. Ulikuwa zamu yangu ya chama, kikundi chetu cha kuchangiana pesa. Nilishuka Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, nikanunua sufuria nene ya bati iliyofuliwa na mafundi wa pale, masinia mawili na chekeche, na mizani ya kidijitali nikaipata mjini. Mizani ndiyo kifaa ninachokiheshimu kuliko vyote. Kiganja changu kikifurahi kinaweka gramu 120, na gramu 20 za bure kwenye kila pakiti ni pakiti 12 na nusu zinazopotea kwenye kila sufuria. Ukitaka mkopo mdogo wa kuongeza sukari, Hustler Fund, mfuko wa serikali wa mikopo midogo, ilianza Novemba 2022 na riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka. Mimi naona unafaa kwa kitu kinachorudi haraka: sukari inakuwa mabuyu, mabuyu yanakuwa pesa ndani ya wiki mbili. Ukiuchukua kwa jina la biashara ukalipia karo, biashara ndiyo itakayoulipa, na karo hairudi na pakiti.

Sukari yenyewe ni ya kuangaliwa. Mwaka 2023 ilipita shilingi 200 kilo moja, na waliokuwa wakiuza kwa bei ya zamani kwa kuogopa kuwaudhi wateja walikuwa wakiwalisha watu kwa pesa zao. Sikupandisha bei ya pakiti. Nilipunguza uzito, nikabadilisha lebo iseme uzito mpya, na nikawaambia wenye maduka. Kupunguza uzito kimyakimya na kuacha lebo ya zamani ni udanganyifu, hata kama jirani zako wote wanafanya.

Wenye maduka. Hawa ni watu wema wenye kumbukumbu fupi. Atapokea pakiti ishirini kwa tabasamu, "Mama Mabuyu, weka hapo, zikiisha nakupigia." Zinaisha, hapigi. Ukipita anakwambia zile za juzi watoto walikula. Nyumba yake naye ni mteja asiyelipa, unaona! Kuna duka moja mjini ambalo hadi leo lina pakiti zangu kwenye deni, na sipiti tena mtaa huo kwa sababu nauli ya kudai imeshazidi deni. Kanuni ni moja: lipia za kale upewe mpya. Asiyelipa haongezwi, na hatukosani, tunasalimiana. Anza na pakiti kumi kwa duka, si hamsini, mpaka umjue.

Usizipuuze pakiti za shilingi 10 zinazouzwa karibu na shule. Uchumi wa kadogo, wa kununua kidogo kidogo, ndio unaoendesha nusu ya jiji hili. Lakini kumbuka sufuria ileile iliyotoa pakiti 75 itatoa 500 za gramu 15, na kila moja inataka kupimwa na kufungwa. Binti yangu husaidia Jumamosi, na hulipwa kwa idadi ya pakiti. Tulibishana nyumbani kuhusu hilo: mtoto analipwaje kwa kazi ya nyumbani? Jibu langu ni kwamba si kazi ya nyumbani. Vyombo anaosha bure.

Makaratasi yanatisha kuliko yanavyouma. Jina la biashara nilisajili kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, karibu shilingi elfu moja, bila kupanga foleni popote. KRA, mamlaka ya kodi, utahitaji PIN, namba ya mlipa kodi, ambayo pengine unayo. Kodi ya mauzo inamhusu anayeuza zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka, na tangu Julai 2023 ni asilimia 3, inayolipwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Angalia vizuri: ni asilimia 3 ya mauzo, si ya faida. Milioni moja kwa mwaka ni kama 83,000 kwa mwezi, na ukianza kuikaribia, ingiza hiyo asilimia 3 kwenye bei kabla haijafika, kwa sababu ile 180 yangu ya kila sufuria ya jumla haiwezi kuibeba peke yake. Asilimia 3 ya 2,625 ni karibu 79.

Anayegusa chakula cha kuuza anatakiwa awe na cheti cha afya, na kila miezi sita unapimwa upya. Kaunti nayo ina leseni zake. Na ukitaka kuuza dukani kwa uhakika, itabidi uende KEBS, shirika la viwango la Kenya, utafute alama ya ubora, ambapo wataangalia jiko lako, lebo yako na bidhaa yenyewe. Nakushauri uliandae jiko kana kwamba wanakuja kesho: dari isiyodondosha, ndoo zenye vifuniko, nywele zimefungwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo mteja wa pakiti nyingi hufungiwa kwenye mfuko wa kaki, na kaki ina bei, iandike.

Supamaketi? Kila mtu huniuliza lini nitaingia supamaketi, kana kwamba ndiko mbinguni. Sina haraka. Wanataka alama ya KEBS, msimbo wa kusomwa na mashine, mzigo mkubwa kwa mpigo, kisha wanakulipa wanapokulipa. Nakumatt ilipoanguka, waliokuwa wakiipelekea bidhaa walibaki wakidai mabilioni, na Tuskys ikaja ikafuata njia hiyohiyo. Kampuni kubwa ya sabuni inaweza kumeza deni la namna hiyo. Mama mwenye mtungi mmoja wa gesi wa alama ya rangi ya kucha hawezi.

Ninachokipenda ni mteja wa rejareja, anayelipa 50 kwa pakiti na kugharamia boda yake. Hao huwapata WhatsApp. Picha napiga dirishani asubuhi, mabuyu kwenye sahani nyeupe, bila mapambo. Namba ya nyumba simpi mtu. Mzigo ukiwa mdogo unakutana na boda getini, ukiwa wa mbali, kama Nakuru au Kisumu, unapelekwa kwenye ofisi za matatu mjini na mteja anatumiwa risiti. Malipo kwanza. Anayekasirika kwa kuambiwa malipo kwanza amekuonea huruma, amejitoa mapema. Na usikubali watu kupandia nyumbani "kuonja", hasa ukiwa peke yako na watoto. Kuonja kuko getini.

Ramadhani na Desemba ndizo nyakati za kujaza ndoo. Achari huanza kukauka mapema, iliki nanunua kabla bei haijaruka, na ukurasa wa "Nyumba" huwa mrefu kuliko mwezi mwingine wowote, kwa sababu ndugu nao husafiri.

Juzi keateka amekuja tena, safari hii bila malalamiko. Chumba cha chini kinachotazama barabara kitabaki wazi mwisho wa mwezi, kodi shilingi 9,000, na ameniwaza mimi kwanza. Nimekaa na daftari. Kwa bei ya jumla, faida yangu ya 180 kwa sufuria, ningehitaji sufuria 50 kwa mwezi ili nilipe kodi tu na nisibaki na kitu. Haiwezekani na mwili huu. Lakini pakiti 75 zikiuzwa rejareja kwa 50 ni 3,750, toa gharama 2,245, zinabaki 1,505. Sufuria sita zimelipa chumba. Kwa hiyo chumba kinafaa ikiwa tu watu watanunua pale pale, kwa mkono, wakishuka kwenye matatu. Nimemwambia wakitoboa dirisha la kuuzia upande wa barabara na kuniwekea mita yangu ya stima, tuzungumze. Amesema atamuuliza mwenye nyumba, akachukua kashata moja iliyovunjika kwenye ndoo, akashuka.